Majibu Yapo Nyuma ya Karatasi

Hebu mfikirieni anavyoingia, ndugu zangu, kama alivyoingia kila Jumamosi saa tatu: kikapu mkononi, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, na kabla hajakitua kikapu anauliza, "Nani leo kaja bila sentensi?" Watu wazima, wenye ndevu zao, wanainamisha vichwa. Huyo ndiye mke, mama na dada tunayemzika leo, aliye shangazi yangu mimi ninayesoma haya. Mtaa mzima ulimwita Bi Mazoezi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi seremala, katika vyumba viwili vilivyopakana na karakana ya baba yake. Herufi alijifunzia kwenye mbao zilizosubiri kukatwa. "Kuna makabati ya watu mjini humu," alipenda kusema, "ukichungulia kwa ndani utakuta alfabeti yangu."

Alianza shule mwaka 1958 na kumaliza darasa la nane mwaka 1965. Baba alipoumia mkono kwenye msumeno, masomo yakaishia hapo. Kiingereza alijifundisha mwenyewe, katika kampuni ya kusafirisha mizigo alikoajiriwa mwaka 1969 kama mpiga chapa. Alichapa barua asizozielewa, kisha wakati wa chakula cha mchana akabaki nazo, akizifumbua neno kwa neno. Baada ya miaka miwili alikuwa anawasahihisha wakubwa zake kimyakimya, nao wakidhani wameandika vizuri.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na fundi saa, mtu wa maneno machache, wakajaliwa watoto watatu. Nyuma ya duka la mumewe, Februari 1988, alifungua darasa la sarufi ya Kiingereza kwa madereva, wauguzi na wahudumu wa hoteli. Ukutani zilining'inia saa kumi na nne za wateja, na hakuna aliyejua ni saa ngapi.

Mwaka huohuo alichapa zoezi la sentensi ishirini, akaligawa. Wanafunzi tisa, wote wakapata ishirini kwa ishirini. Alitoka darasani anatembea kama bibi harusi, akamwambia mumewe, "Kumbe nina kipawa." Fundi saa akachukua karatasi moja, akaigeuza, akamrudishia. Kwa kubana matumizi ya karatasi, marehemu alikuwa amechapa majibu yote upande wa nyuma.

Jumamosi iliyofuata akawauliza, "Mbona hamkuniambia?"

Dereva wa lori akajibu kwa niaba ya wenzake, "Mwalimu, tulidhani ni huruma zako tu."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Tangu siku hiyo, kwa miaka thelathini na sita, kila zoezi lake lilikuwa na majibu nyuma, safari hii kwa makusudi. Sharti lilikuwa moja: chini ya zoezi uandike sentensi tatu zako mwenyewe, na ziwe za kweli. "Majibu yangu hayo, geuza usione haya," alikuwa akisema. "Ya kwako mimi sinayo." Ndivyo alivyojua nani kapata mjukuu na nani kafukuzwa kazi kabla hata jirani hajasikia.

Moyo ulianza kumsumbua Septemba 2023. Darasa hakuliacha. Kilichomkosesha raha hasa si moyo, bali mwanafunzi wake mmoja, muuguzi msaidizi, aliyekwisha kuanguka mtihani wa Kiingereza mara mbili. Wa tatu ni tarehe 1 Juni, na baada ya huo haruhusiwi mwingine.

"Shangazi, pumzika sasa," nilimwambia hospitalini.

"Nitapumzika yule binti akifaulu. Niletee karatasi, na usininunie."

Nikamletea. Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi, moyo wake ulisimama. Mumewe alikuwa amemshika mkono, na miwani ilikuwa bado usoni.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, ndugu wawili, na wanafunzi kumi na mmoja. Leo ni Jumamosi, nao wamekuja na madaftari yao. Hakuna aliyewaambia wayabebe.

Chini ya mto wake tulikuta zoezi la yule muuguzi: sentensi ishirini, kwa mwandiko wa kutetemeka. Nikaigeuza karatasi. Nyuma ni peupe.

Bi Mazoezi wetu na alale kwa amani, sehemu yake ameimaliza. Ila mtihani ni wiki tatu kutoka leo, binti mwenyewe amesimama pale karibu na mlango, na wengi wetu hapa Kiingereza chetu kimetoka mikononi mwa marehemu. Basi niambieni, jamani: huku nyuma ataandika nani?