Kamera Arobaini na Moja za Barabara ya Hospitali

Benchi la Shangazi muuza kahawa lina miguu minne, mmoja umeongezewa tofali, na anayekalia upande huo hushauriwa asichangamke sana, maana akiinuka kwa hasira wenzake wote huenda chini. Liko kando ya barabara ya hospitali, si mbali na kituo cha mafuta, mbele ya kibanda cha fundi simu. Asubuhi hiyo upande wa tofali alikaa Breki, dereva wa gari la kukodi, aliyepewa jina hilo kwa sababu breki ndicho kitu pekee garini mwake kisichochakaa. Mapajani kaweka jipiesi, kile kifaa cha ramani cha kubandika kwenye kioo, na roho ilikuwa juu. Mwaka huo kamera zilishamnasa mara mbili kwa mwendo kasi, huko barabara ya viwandani. Akinaswa ya tatu, leseni inakwenda na maji kwa miezi sita. Na saa nne alikuwa na miadi hapo hapo na muuguzi wa kituo cha kusafisha figo, aliyekuwa akitafuta dereva wa kuwabeba wagonjwa wake mara tatu kwa wiki, mwaka mzima. Kazi ya uhakika namna hiyo Breki hakuwahi kuishika maishani, na kusema kweli alikuwa anaogopa.

— Orodha za kamera ziko tatu, alisema fundi simu, ambaye kijiweni wanamwita Satelaiti. Kifaa chako kizee, kinabeba moja tu. Chagua.

— Nichague vipi? Fundi ni wewe.

— Ya kwanza ni ya kampuni iliyotengeneza kifaa. Safi, ila wanaibadilisha kila baada ya miezi mitatu. Ya pili inajazwa na madereva wenyewe kwa simu zao. Ukiona kamera unabonyeza, wenzako wanapata habari. Ya tatu nimeipata kwa mtu.

— Mtu gani?

— Mtu tu, bwana. Unataka orodha au unataka ukoo wake?

Mzee Nukta akashusha kikombe. Huyu alikuwa mpima ardhi, kastaafu zamani, lakini futi ya utepe haijawahi kutoka mfukoni mwake.

— Chukueni barabara moja mnayoijua, alisema. Muone kila orodha inasemaje. Halafu ndiyo mchague.

Lilikuwa neno la maana, na laiti angeishia hapo heshima yake ingebaki salama. Wakachagua barabara ya hospitali, kwa kuwa ndiyo wagonjwa watakayopitishwa: kilometa sita, kutoka kituo cha mafuta hadi getini. Satelaiti akafungua laptopu yake yenye kioo kilichopasuka, akaanza kusoma.

— Ya kampuni, kamera mbili. Ya huyo mtu, kamera tisa. Ila moja iko katikati ya bwawa.

— Bwawani? Shangazi aliuliza. Inawapiga picha vyura?

— Usicheke, alisema Mzee Nukta. Maji ni kioo. Gari linapita juu, sura yake inaonekana chini, kamera inachukua ya chini. Ndiyo maana kwenye picha zao namba huwa hazisomeki vizuri.

— Zangu zilisomeka, mzee, alisema Breki. Mara zote mbili.

— Na hii ya madereva, Satelaiti aliendelea, kamera arobaini na moja.

Breki akahesabu kichwani: arobaini na moja kwa kilometa sita.

— Haiwezekani!

— Inawezekana kabisa, alisema Satelaiti, kachangamka sasa. Kamera ni zile zile mbili za orodha ya kampuni. Wanazihamisha. Asubuhi ziko hapa, mchana kule. Kila dereva anaandika alipoziona.

— Kwa hiyo mbili zinakimbia mpaka zinakuwa arobaini na moja? Breki aliuliza. Si na zenyewe zinazidisha mwendo?

— Wewe chekacheka tu. Mwisho wake utawekewa moja ndani ya kiti cha gari.

— Kwenye kiti hawawezi, Mzee Nukta alipinga. Wataweka ndani ya hiyo jipiesi. Kifaa kinachokuambia kamera iko wapi, chenyewe ndicho kamera.

Breki alikiondoa kifaa mapajani, akakiweka juu ya benchi kwa ncha za vidole.

— Ngoja, alisema Satelaiti, akisogeza uso karibu na kioo. Kuna moja hapa.

— Hapa wapi?

— Hapa tulipokaa. Mita mbili kutoka kwenye birika. Na imethibitishwa na watu wawili.

Wote wakainua macho. Waliukagua mlingoti wa taa, wakaukagua ukingo wa paa la kibanda. Mzee Nukta alitoa futi yake, akaichomeka kwenye birika, akavuta mita mbili kamili. Utepe ukaishia kwenye ndoo ya kusuuzia vikombe. Akachungulia ndani ya ndoo.

— Mzee, toa kichwa kwenye maji yangu, alisema Shangazi. Hiyo kamera niliiweka mimi.

— Wewe?

— Magari yalikuwa yanapita hapa kwa fujo, vumbi lote linaishia kwenye vikombe. Wateja wananilalamikia, kahawa ina mchanga. Nikabonyeza. Tangu siku hiyo wanapita kwa adabu.

— Na nani kathibitisha? Breki aliuliza.

Satelaiti alikohoa.

— Simu iliniuliza kama kamera bado ipo. Nilikuwa na mteja. Nikabonyeza ndiyo.

— Mimi niliona wewe umebonyeza, alisema Mzee Nukta. Nikasema, ikiwa fundi kaiona, mimi ni nani nikatae?

Breki alicheka kuliko wote, akacheka mpaka benchi likayumba, kisha kicheko kikamkauka. Arobaini na moja. Akaanza kukumbuka, na kadiri alivyokumbuka ndivyo alivyozidi kujikunyata.

— Una nini? Shangazi alimuuliza.

— Na mimi niliweka.

— Ngapi?

— Kama thelathini hivi. Wale madereva wa kituo cha mafuta walikuwa wananiwahi abiria wa hospitali. Nikasema, ngoja wapunguze mwendo kidogo.

— Basi tuzifute! Ziko wapi na wapi?

— Sikumbuki, Breki alisema. Na zile za kweli pia sizijui.

Hakuna aliyecheka. Mtu mzima kujichimbia shimo kwa kidole chake mwenyewe, tena kwa kubonyeza, si jambo la kuchekesha likishakufika.

Muuguzi alifika wakati huo, kwa miguu, kashika faili kwapani.

— Samahani, nimewahi. Dereva ni nani kati yenu?

— Ni huyu, dada, Satelaiti alidakia. Dereva hasa! Tunamwekea kamera zote, hanaswi tena... yaani, hanaswi kabisa.

— Kamera zote za barabara hii, Mzee Nukta alitilia mkazo. Mpaka za bwawani.

Muuguzi aliwatazama mmoja mmoja, akamgeukia Breki.

— Sawa. Kwani barabara hii mwendo unaoruhusiwa ni ngapi?

Breki akamgeukia Satelaiti. Satelaiti akakimbilia laptopu.

— Ya kampuni inasema hamsini. Ya madereva inasema themanini. Ya huyo mtu inasema, eh, sufuri.

— Inategemea, alisema Mzee Nukta, lakini hakusema inategemea nini.

— Kuna kibao pale kituo cha mafuta, alisema muuguzi. Mimi nilikuja kwa njia nyingine, sikukipita. Kimeandikwa ngapi?

Breki alikijua kibao kile. Miaka kumi na tisa anakipita, siku nyingine mara kumi. Alijua nguzo yake imepinda upande gani, na tangazo la dawa ya panya lililobandikwa chini yake. Namba tu ndiyo hakuwahi kuiona.

— Sijui, dada, alisema, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Muuguzi hakukasirika, na hilo lilimuumiza zaidi.

— Wagonjwa wangu wakitoka kwenye mashine hawana nguvu hata za kushika kiti, alisema. Gari likikimbia halafu likafunga breki ghafla, wanaanguka. Mwezi uliopita mmoja alivunjika mkono. Mimi kamera hazinihusu.

Akavuta kigoda cha Shangazi, akaketi, akatazama saa yake.

— Nina nusu saa, alisema.

Breki akasimama.

— Unakwenda wapi? Satelaiti alimwita. Gari si hili hapa? Na nikuwekee orodha ipi?

— Nakwenda kusoma, Breki alijibu, akashika njia ya kituo cha mafuta kwa miguu.