Sokhna Anasoma Nini

Kila asubuhi benchi la Awa, muuza kahawa wa Kaolack, Senegal, hujaa wastaafu wanaojua kila kitu. Katikati hukaa mzee Thioub, dereva wa lori wa zamani. Tangu bintiye Sokhna aende kusoma Uchina miaka minne iliyopita, wenzake humwita Waziri, naye huitika.

Siku moja alifika Rama, mtafiti kutoka Dakar, na daftari lake. Alitaka kujua kwa nini vijana huenda kusoma ng'ambo. Benchi likachangamka. Rubani, fundi baiskeli aliyepanda ndege mara moja tu, alipokwenda Hija, alisema siri ni baridi: huko ubongo hauchachi, unakaa kama samaki kwenye barafu.

— Elimu ni bahari, alimalizia. Ndiyo maana lazima uivuke.

Waziri alikataa. Siri ni vijiti vya kulia. Mtu akishaweza kunyanyua punje moja ya wali kwa vijiti, hesabu gani itamshinda? Rama aliandika yote bila kucheka, na hilo likawapandisha mori. Waziri akasimama akatangaza kwamba Sokhna akirudi, Kaolack itapata treni ya chini ya ardhi.

— Kwani anasomea nini, baba? Rama akauliza.

— Digrii.

— Ya juu, Rubani akamsaidia.

— Digrii ya nini?

Waziri akamtazama Rubani, Rubani akatazama kikombe chake. Kila Ijumaa, kwenye simu, mzee alimuuliza binti afya, swala, baridi na siku ya kurudi. Hilo hakuwahi kumuuliza. Uso ukamwaka kwa aibu, akatoa simu palepale akampigia.

— Baba, kuna msiba?

— Hakuna. Nimepiga kukuuliza unasoma nini.

 Sokhna akacheka, na maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Anasomea udongo. Lile shamba la bibi yake lililouawa na chumvi, anatafuta mpunga wa kulifufua. Juzi miche kumi na mmoja imeota kwenye maji ya chumvi, na amekesha akiitazama.

Waziri alikuwa akirudia kila neno kwa sauti, mkono juu. Rubani alishauliza mbegu zinafika lini. Awa aliacha kumimina kahawa.

— Umenielewa, baba?

— Sijaelewa, mwanangu. Anza tena, polepole. Hapa kuna mtu anaandika.