Apu Inayosoma kwa Sauti

Kaka: Haloo? Nani mwenzangu? Simu hii siku hizi haitaji majina.

Dada: Ni mimi, kaka. Shikamoo.

Kaka: Marahaba, mdogo wangu. Mbona makelele hivyo?

Dada: Niko kwenye cherehani. Ngoja niache... [cherehani inanyamaza] Haya. Umekula?

Kaka: Nimekula. Zile apu za kunisomea uliziweka?

Dada: Zote mbili, kwenye simu yangu. Nikafumba macho nikazijaribu, kama ulivyosema.

Kaka: Ehe. Na?

Dada: Ile ya wenye mtandao wenyewe, huo mnaoandikiana, haifai. Ukigusa inasema "kitufe." Ukigusa tena, "kitufe." Cha nini, haisemi. Halafu watu wanaongea, katikati inakuchomekea tangazo la viatu vya rangi.

Kaka: [anacheka] Wamempata mteja.

Dada: Ya pili ina nafuu. Inataja jina la aliyeandika, inasoma alichoandika, unavuta kidole unakwenda kwa mwingine. Ila sauti yake inakwaruza, utadhani ina mafua.

Kaka: Haiifikii ile yetu ya zamani.

Dada: Haiifikii. Lakini ile wameshaifunga, tutafanyaje.

Kaka: Bila hata kutuaga. [mkwaruzo wa simu] Sasa kwenye hiyo ya pili, uliingia kwenye kikundi chetu cha wasioona?

Dada: Niliingia. Kuna na sehemu ya kuongeza kasi ya—

Kaka: Tochi kaandika nini?

Dada: Nani?

Kaka: Si nilikwambia? Yule mzee fundi redio, kipofu mwenzangu, anajiita Tochi. Macho yalipozima nikauza hata randa yangu ya useremala, yeye ndiye aliyenifundisha kupima mbao kwa vidole. Siku ile kaandika kwamba amechoka na haoni haja ya kesho. Niko katikati ya kumjibu, apu yetu ikanifia mkononi.

Dada: Mtandao ulikuwa unasumbua, sikusoma yote. Ila hii ya pili haili bando sana, halafu—

Kaka: Mdogo wangu.

Dada: Abee.

Kaka: Unaniuzia apu. Hujawahi kuniuzia kitu wewe.

Dada: [cherehani inaanza tena]

Kaka: Umesoma nini?

Dada: Jioni nakuja hapo kwako, tutasoma pamoja.

Kaka: Soma sasa.

Dada: Vocha yangu inakaribia ku—

Kaka: Soma, mama.

Dada: Ameandika, "Seremala, upo?" Kesho yake tena, "Seremala, leo siku imekuwa nzito. Ukipata nafasi." Halafu, "Labda nimekuudhi."

Kaka: Hajaniudhi.

Dada: Najua, kaka.

Kaka: Hajawahi kuniudhi hata— Endelea.

Dada: Inayofuata si yeye. Ni binti yake, ameandika kwa jina hilohilo. "Baba hatunaye tena. Alituaga vizuri, tukajua anakwenda kulala. Hatukujua alichokusudia. Kama Seremala yumo humu, baba alikuwa akimtaja sana."

Kaka: [mkwaruzo wa simu]

Dada: Kaka? Wifi yuko hapo?

Kaka: Yuko nje, anaanua nguo.

Dada: Mwite ndani akae na wewe. Nifanyie hilo.

Kaka: Hiyo ya pili, mtu anaweza kuandika kwa kusema?

Dada: Anaweza, ila inakosea maneno.

Kaka: Basi andika wewe. Mwambie binti apu yetu ilifungwa, ndiyo maana sikuonekana.

Dada: Naandika.

Kaka: Hapana, futa. Ataona najitetea msibani.

Dada: Nimefuta.

Kaka: Andika baba yake alinirudisha kazini. Kitanda anacholalia mwanangu nilikichonga yeye akinielekeza, ubao kwa ubao. Umeandika?

Dada: "...ubao kwa ubao." Ndiyo.

Kaka: Sasa andika na jibu langu la siku ile. Nilikuwa namwambia—

Dada: Kaka? Ulikuwa unamwambia nini? Haloo? [mlio, salio limekwisha]