Siku Niliyopeleka Chakula Bila Kuonja

Bwana Yesu asifiwe! Kamwene, watu wa Ipogolo! Mnivumilie, na mkiona nimeishikilia hii meza msidhani ni mapozi. Mpaka juzi tu, mimi nikiona watu wengi wamekusanyika, nilikuwa natafuta mlango.

Kwa wasionijua, naitwa Mama Furaha. Nimezaliwa hapa hapa, mama yangu ni yule wa kitambaa cha bluu. Nimeolewa Chimala, kazi yangu kushona, na cherehani yangu iko barazani, inatazamana na mashine ya kukoboa mpunga. Mashine hiyo ni ya rafiki yangu Atu, mwenyeji wa Tukuyu. Ndugu zangu, wanaopita Chimala wakati wa mavuno wanajua. Malori yamejipanga, vumbi la pumba mpaka kwenye kope, na Atu yuko katikati, simu moja sikioni, nyingine mkononi, anawapigia kelele wapagazi. Mama yule hakai! Kutwa nzima chakula chake ni soda na andazi, tena andazi lenyewe analisahau juu ya gunia.

Nilikuwa namwangalia kutoka kwenye cherehani na moyo unaniuma. Huyu ndiye aliyekaa nami hospitali nilipojifungua Furaha kwa shida, ndugu zangu wote wakiwa mbali. Kumwambia Atu apumzike ni kazi bure. Nikasema, basi, nitampikia. Ikawa kila mchana navuka barabara na hotpoti langu: ugali, na majani ya maboga niliyoyaunga kwa karanga. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kumwambia nampenda, maana kuongea naye nafasi hana.

Sasa, mnajua tulivyolelewa huku kwetu. Huwezi kumkabidhi mtu chakula hivi hivi. Unafunua, unamega, unachovya, unatafuna na kumeza yeye akiona, ndipo unamsogezea. Kutoa sumu, ndivyo tunavyosema. Mama alinifundisha hayo kabla sijaweza hata kusonga ugali. Nami kila siku nilionja mbele ya Atu, naye kila siku ananicheka: "We Mhehe, utanimalizia chakula kwa kuonja!"

Siku hiyo nilikuwa na sare za shule za mteja, mwenyewe ananisubiri barazani amenuna. Atu naye anabishana na dereva wa lori. Akapokea hotpoti bila kunitazama, nami nikageuka mbio. Sikuonja. Wala sikukumbuka kwamba sijaonja. Lakini wapagazi waliona.

Jua halijapoa, nikasikia mashine imezimwa. Mashine ya Atu, msimu wa mavuno, imezimwa! Nikainua kichwa, naona watu wanakimbia. Nikakimbia na mimi. Atu yuko chini kwenye pumba, anatapika damu. Pembeni yake hotpoti langu, limeliwa nusu.

Wifi yake alikuwa pale, dada wa mumewe, ambaye humsaidia kupima magunia. Alilitazama hotpoti, akanitazama mimi, kisha akawageukia wapagazi. Aliuliza neno moja tu: "Alionja?"

Mmoja akajibu: "Leo hajaonja."

Jamani! Nilikufa ganzi. Walimpakia Atu kwenye gari, nikashika mlango nipande nami, wifi akautoa mkono wangu kwenye ule mlango, kidole kimoja kimoja. Gari likaondoka. Nikabaki nimesimama katikati ya watu, na mduara ukawa unapanuka. Hakuna aliyetaka kusimama karibu nami.

Kuanzia hapo niliishi roho mkononi. Kwenye grupu letu la akina mama kukaletwa ujumbe, jihadharini na vyakula vya watu, halafu kimya, kila mtu amesoma. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao ambavyo sijavikata. Vijana wakipita barazani wanasema kwa sauti, "Mama, leo umepika nini?" Wanacheka, lakini mmoja alikuwa hacheki. Huyo ndiye niliyemwogopa. Nilisikia kwamba wanasema, Atu akifa, nyumba yangu haibaki.

Lakini ndugu zangu, hofu kubwa haikuwa hiyo. Hofu kubwa ilikuwa mimi mwenyewe. Yale majani niliyanunua sokoni. Je, kama mkulima alikuwa ametoka kuyapiga dawa? Niliyaosha? Niliyaosha. Nadhani niliyaosha. Na zile karanga, hazikuwa na ukungu? Nilirudia kila hatua mpaka nikachanganyikiwa. Naitazama mikono yangu naiogopa. Nikimpikia Furaha, tonge likifika mdomoni mwake namwambia, "Ngoja!" Mtoto ananitazama. Kijiko cha mama yake mwenyewe!

Mume wangu akasema, "Nenda kwa mama kidogo, upepo upite." Nikaja hapa Ipogolo na mtoto. Nimeingia tu, hata sijatua mzigo, mama yangu mzazi akaniuliza, "Mwanangu, ulionja?"

Weee! Nililia siku hiyo mpaka majirani wakaja wakidhani tumefiwa.

Wengine wenu mliniona humu kanisani, nilikuwa nakaa pale nyuma, karibu na mlango. Mlidhani naomba. Sikuwa na maombi. Nilikuwa nasema tu, "Yesu, asife. Asife. Asife." Maneno mengine yalikuwa yamekauka.

Na Bwana alisikia hayo hayo machache! Mume wangu akapiga simu: Atu ametoka hospitali, yuko nyumbani, anakaa. Niliruka kwa furaha. Halafu nikakaa chini taratibu, maana nimekumbuka kitu. Atu ana simu mbili. Hakuna hata moja iliyonipigia mimi. Nikajua, basi, na yeye ameamini. Heri nyumba ichomwe, nilisema, kuliko Atu aamini.

Nikarudi pale nyuma kanisani, na kitu kimoja kikanijia moyoni, hakiondoki: mpikie. Nikabishana! Nikasema, "Bwana, mimi? Chakula tena? Unataka wanimalize?" Mpikie. Nikamweleza mama, nikijua atanizuia. Mama akanitazama akasema, "Basi panda gari kabla hujapata akili."

Nilifika Chimala. Nikapika wali laini wa maziwa, kwa mchele uliotoka mashine yake Atu mwenyewe. Nikavuka barabara ile ile na hotpoti. Vijana wakanyamaza. Yule asiyecheka akasimama, akanifuata nyuma mpaka uani kwa Atu. Nilikuwa nasikia kandambili zake. Sikugeuka, ningegeuka ningekimbia.

Ndani wamejaa wanaomjulia hali. Atu yuko kwenye kochi, amekonda, ngozi na mifupa. Wifi akasimama katikati yetu, akasema, "Onja kwanza."

Haki yake. Nikafunua, nikashika kijiko, nikachota. Ndipo Atu akasema, "Acha. Asionje."

Akanyoosha mkono akachukua kijiko. Ndugu zangu, aliogopa! Nisiwadanganye, nilimwona. Kijiko kiligonga meno yake. Akaniangalia mimi machoni, akatafuna, akameza. Akachota tena. Akameza. Akachota cha tatu, ndipo akasema, "Mama Furaha, chumvi umesahau."

Nilianguka pale pale mkekani, nacheka na kulia kwa pamoja! Halleluya! Niliposimama, hofu yangu ilibaki pale chini, sikuiokota tena.

Baadaye Atu alinisimulia. Daktari alimwambia tangu siku ya kwanza: si sumu, ni vidonda vya tumbo, miaka ya kushinda njaa. Chakula changu kilimkuta tumbo tayari limeharibika. Daktari alimsikia. Lakini kila aliyekuja kumwona alimnong'oneza, na maneno yale yaliingia mahali ambapo daktari hafiki. Alikuwa anashika simu anipigie, anaiweka. Akaniambia, "Ulipofungua lile hotpoti nilijisemea, nikimwacha aonje, nitamwacha aonje maisha yangu yote." Na wifi? Siku ile ile alileta sahani yake, akauliza kama amebakiziwa kidogo. Nikampakulia. Yule kijana naye alikuwa bado mlangoni, nikampakulia.

Ndugu yangu uliye hapa, labda kuna mtu wako anahangaika na kazi, unamwona anakonda, unaogopa maneno ya watu. Mpelekee chakula. Na labda kuna mtu anakuletea, nawe unaogopa kumeza. Yesu aliyeniinua mimi kutoka kwenye mkeka ule anatosha kwako. Mwamini, hata kama kijiko kinagonga meno.

Nimemaliza. Atu yuko pale karibu na mlango, nafasi yangu ya zamani. Amefunga mashine leo, simu zote mbili amezima, na huo nao ni muujiza. Safari hii amepika yeye. Tukitoka, tutakula wote hapo nje. Atu, rafiki yangu, ukilifungua hilo hotpoti, usionje.