Mhandisi Nzisa Mbaluka na Mteremko wa Kinoo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mhandisi Nzisa Mbaluka anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025. Karakana yetu ya Jamhuri itabaki na meza yake, nasi tutabaki tukijifanya tunaijua kazi yake.

Alianzia kwenye lifti za maghorofa ya Upper Hill. Ndiye aliyetufundisha kwamba lifti nzito ikishuka, mota yake huzalisha umeme badala ya kuula, na kwamba umeme huo unahitaji kigeuzi, kifaa cha kuusawazisha, ndipo utumike tena. Aliipima kazi yake kwa kushuka na magunia ya mchanga, makarani wakidhani anahama ofisi. Kijana aliyemletea maelezo marefu alijibiwa kwa upole: "Leta mita, wacha story."

Mwaka 2021 alisanifu kigeuzi cha basi letu la kwanza la umeme. Dereva akikanyaga breki, mota hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Tulikijaribu wiki sita hapa Jamhuri, betri ikiwa nusu. Hakuna aliyekumbuka kwamba chaja iko Kinoo, na kwamba basi hutoka huko limeshiba chaji, na safari yake huanza kwa kuteremka.

Asubuhi moja dereva wetu, Bwana Gerishon Karanja, alikanyaga breki mteremkoni. Betri ilikuwa imejaa, umeme haukuwa na pa kwenda, kigeuzi kikajizima na mota ikaacha kupunguza mwendo. Breki za upepo zilimsaidia, lakini basi lilipanda ukingo wa barabara, naye akavunjika mkono. Bahati njema, hakuwa na abiria. Ripoti ya karakana ilisema alichelewa kukanyaga. Akafutwa kazi, yeye aliyeendesha miaka ishirini bila doa.

Bi. Nzisa alikuwa amebakiza wiki mbili tu apandishwe cheo kuwa mkuu wa usanifu. Alizisoma kumbukumbu zilizorekodiwa na kigeuzi siku tatu, kisha akawaandikia wakubwa kwamba dereva alikanyaga kwa wakati, na kosa ni lake yeye aliyekisanifu. Bwana Gerishon akarudi kazini. Cheo kikaenda kwa mwingine. Inauma kukiri kwamba hapa ndani hakuna aliyemshukuru.

Tangu hapo, kila basi letu hubeba paani nyaya nene zinazougeuza umeme wa ziada kuwa joto, na pale Kinoo betri haijazwi hadi pomoni. Kila basi lenye kigeuzi kipya linaposhuka mteremko huo mara ya kwanza, Bi. Nzisa hukaa kiti cha mbele.

Bi. Nzisa, ripoti ile niliiandika mimi, Abdulrauf, na cheo kile nilikipokea mimi. Miaka minne umefanya kazi chini yangu bila kunikumbusha hata siku moja. Nakuomba radhi mbele ya wote. Asante kwa kila ulichotutendea. Nenda ukapumzike kwa afya na amani. Sisi wengine bado tuna deni la ukweli.