Bustani ya Kusikiliza

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mkae nasi. Leo tunamkumbuka mshonaji wa sare za shule, aliyetutoka juma lililopita akiwa na miaka sabini na mitatu. Mtaani walimwita Bi Vyura. Hakulipenda jina hilo, lakini aliliitikia. "Jina la utani ukilikataa ndipo linaponata," alisema.

Huyu ndiye aliyemlimia mumewe bustani. Mumewe alikuwa fundi wa mabasi. Presha ya macho ilimshika, wakachelewa kuijua, akapofuka. Nasema tena, wasikilizaji: fundi wa mabasi alipofuka, na mkewe akamlimia bustani. Haikuwa ya mboga, wala ya maua ya kutazama. Ilikuwa bustani ya kusikiliza.

Ilianza hivi. Mzee alishinda kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kimya, siku nenda siku rudi. Uani kulikuwa na vifusi, matairi mawili na udongo mgumu kama sakafu. Siku moja ndege akatua ukutani, akalia. Mzee akageuza kichwa. Kwa miezi kumi hakuwa amegeukia kitu bila kuitwa. Mkewe, aliyekuwa akitia mkanda kwenye sketi, akasimamisha cherehani.

"Ndege gani huyo?" mzee akauliza.

"Sijui, mzee wangu. Ila nitamjua."

Tangu hapo, asubuhi alishona, alasiri alilima. Alizoa vifusi kwa mikono yake. Beseni la kufulia alilizika ardhini likawa kidimbwi, na masika yalipofika vyura wakaja wenyewe. Kipupwe aliacha majani makavu yarundikane, wadudu wapate pa kujificha na ndege pa kuchokoa. Kiangazi alijaza maji kila asubuhi, akapanga mawe nyuki wasizame. Vuli walikuja vipepeo. "Hawa hawasemi," alimwambia mumewe. "Nitawasemea mimi."

Majirani walinung'unika. Nyasi zitaleta nyoka! Vyura wanapiga kelele! Naye aliwajibu: "Kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji, zitakuzuia wewe kulala?"

Kisha mzee akaugua mapafu. Akalazwa siku kumi na moja, na mkewe akalala kwenye benchi la wodini. Waliporudi nyumbani, uani palikuwa peupe. Nyasi zimefyekwa, dawa ya magugu imepigwa, kidimbwi kimefukiwa na kushindiliwa. Jirani yao, fundi bomba, alisimama pale akitabasamu, jasho likimtoka.

"Shemeji, tumekusafishia," alisema. "Tumeona una mgonjwa."

Wasikilizaji wapendwa, walifyeka kwa wema. Hilo ndilo lililomchosha zaidi. Mtu akikuonea utamgombeza. Akikufadhili, utamwambia nini? Bi Vyura alisema asante.

Mzee akakaa kwenye ngazi yake. Akasikiliza.

"Mbona kimya?"

Mkewe alitaka kumdanganya kwamba vyura wamelala. Akashindwa, akamweleza yote. Mzee akapapasa, akaupata mkono wake.

"Basi pumzika, mke wangu. Umechoka."

"Nimechoka kweli," akajibu.

Na alipumzika. Wiki tatu hakugusa jembe. Aliyekuja kugonga mlango ni yule fundi bomba, sululu begani. Mke wa fundi huyo, aliyejua bustani ile ilikuwa ya nini, alikuwa amemwambia alichokifanya. Hakuweza kumtazama Bi Vyura usoni. "Nionyeshe kidimbwi kilipokuwa hasa, shemeji," alisema. Akachimba mpaka shati likalowa.

Lakini ardhi yenye sumu haina haraka. Masika ya kwanza yalipita bila sauti. Masika ya pili alilia chura mmoja, mmoja tu, na mzee akamsikia. "Huyu sauti imemkauka kama ya kondakta," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Mwezi uliofuata alifariki. Ndege walikuwa bado hawajarudi.

Walirudi baadaye. Bi Vyura aliendelea miaka tisa peke yake. Binti yake, ambaye ni muuguzi, anasema aliwahi kumuuliza: "Mama, sasa unamlimia nani?" Akajibiwa: "Baba yako hayupo. Nyuki je, niwafukuze?"

Binti huyo ametuomba tusimpambe mama yake. "Alichoka," anasema. "Magoti yalimuuma. Kila masika alisema haya ya mwisho. Msiseme hakuchoka. Semeni alichoka, na akaamka."

Tumesema, binti yetu.

Alifariki asubuhi, kiangazi hiki, baada ya kujaza maji. Tulimuuliza binti kama ataitunza bustani. Akajibu: "Sijui kulima, na zamu zangu ni ndefu. Siahidi kitu."

Hatukumlazimisha kuahidi. Kwake yeye, kwa fundi bomba na mkewe, na kwa wote waliovaa sare zilizopita mikononi mwa marehemu, poleni sana. Mungu ampumzishe, kupumzika amekustahili.

Nasi tuliobaki tutafakari. Jirani yako akiwa na mgonjwa, nenda kamsaidie, usiogope. Ila kabla hujanyanyua panga, gonga mlango, uliza: hapa kwenu, kipi tukiache?