Damu ya Kulinganishia ya Mama Safi

Usiku wa kuamkia jana simu ya marehemu ililia juu ya kabati, ule mlio unaowafuata wafanyakazi mpaka nyumbani jokofu la maabara likianza kupoteza baridi, na binti yake, mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa macho akimpa mtoto chupa, akakimbia kumwamsha mama, akafika mlangoni, akakumbuka mama hayupo, akabaki amesimama asijue aizime simu au aipokee. Ndugu waombolezaji, historia hii ameiandika binti huyo, anaisoma mjomba wake, na mjomba ameombwa asiruke mahali, hata pale alipotuambia parukwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, ingawa kadi ya kliniki inasema 19, na bibi alishikilia tisa mpaka anafariki, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa mwisho, akanyonya mpaka akawa anabeba kigoda mwenyewe na kumpelekea mama yake akae, jambo ambalo siku zote tulikuwa tukilicheka, na sasa binti hajui kama bado linachekesha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1975 hadi 1981, na sekondari hadi 1985, akaajiriwa mwaka 1987 kuwa msaidizi wa maabara katika hospitali ya wilaya, na hapo akakutana na fundi majokofu aliyeitwa kutengeneza jokofu la damu, akalitengeneza mara nne ndani ya mwezi mmoja, mpaka mkuu wa zamu akauliza kinachoharibika ni jokofu au ni fundi. Walifunga ndoa tarehe 21 Julai 1990, wakajaliwa mtoto wa kiume Julai 1992, ambaye aliachishwa ziwa kabla hajatimiza miezi miwili kwa sababu mama alikwenda chuo cha maabara kusomea stashahada, na mtoto wa kike tarehe 2 Aprili 1999, ambaye alinyonya mpaka akachoka mwenyewe.

Mwaka 2003 alihamia maabara ya utafiti wa virusi vinavyoweza kuleta saratani, vya ini, vya shingo ya kizazi na vya damu, na huko ndiko alikopewa jina la Mama Safi, kwa sababu kila sampuli za wagonjwa zinapopimwa lazima iwepo na damu ya mtu mzima wa afya, ya kulinganishia, wafanyakazi wanapokezana kuitoa, na yeye hakuogopa sindano, kwa hiyo zamu za waoga wote zikawa zake. Zamani walisoma kirusi kipande kipande, tena kile tu walichokuwa wanakitafuta, lakini ilipokuja mashine mpya, inayosoma kirusi kizima herufi kwa herufi hata kikiwa kimejificha ndani ya chembe za damu, ndipo mambo yakavurugika.

Tarehe 14 Februari mwaka huu, katika kundi la sampuli za wagonjwa wa kirusi kiitwacho HTLV-1, damu ya Mama Safi nayo ilionyesha kirusi, wenzake wakamtania kwamba leo Safi umetuchafulia meza, wakaamini matone ya mgonjwa yamerukia kwenye kichupa chake, wakamwaga dawa, wakasugua, wakarudia kwa damu mpya, kikaonekana tena. Mkuu wa maabara akaweka herufi za kirusi cha kila mgonjwa pembeni ya herufi za kile cha Mama Safi, hakuna kilichofanana nacho, maana yake hakikutoka kwa mgonjwa yeyote pale, ni chake mwenyewe, akafunga mlango, akamsogezea kiti, na mama akauliza, “Kwa hiyo uchafu ni mimi?” Mkuu akasema, “Hapana dada, wewe si uchafu, wewe ni mgonjwa ambaye hatukujua,” na mama akajibu kwamba hilo ndilo baya zaidi.

Siku hiyo aliingia nyumbani bila hodi wala salamu, akasema, “Mwanangu, mtoe mtoto kwenye ziwa,” na binti, ambaye mtoto wake alikuwa na miezi mitatu, akadhani mama amechanganyikiwa.

Hapa ndipo mjomba alipotaka parukwe. Kirusi hiki si Ukimwi, hakipatikani kwa kupeana mkono wala kwa sahani, hupita kwenye damu, kwenye tendo la ndoa, na kwenye maziwa ya mama, wengi walio nacho huzeeka bila kuugua, na marehemu aliagiza kisemwe hadharani kwa jina lake. Baba amepimwa, hana, kaka mkubwa hana, yeye aliyelalamika maisha yake yote kwamba kitinda mimba ndiye aliyependwa, akapendelewa hata kwenye maziwa, na tangu majibu yatoke hajatania tena. Binti anacho, herufi zake ni zile zile za mama, na hajui alie kwa lipi, maana kilipita pale pale upendo ulipopita. Mtoto ni mdogo mno, hawezi kupata jibu la kuaminika mpaka azidi mwaka mmoja na nusu, daktari anasema miezi mitatu ni afadhali kuliko miaka miwili, na binti ameishika hiyo afadhali kwa mikono miwili.

Matezi yaliyomvimba shingoni, ambayo marehemu aliyaita uchovu, yalibainika mwezi Aprili kuwa saratani ya damu iletwayo na kirusi hicho, akatibiwa kwa dripu, akapata nafuu, akazidiwa, akafariki Ijumaa tarehe 6 Septemba 2024, alfajiri, akiwa ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, majirani waliomlea mtoto bila kuogopa kumbeba, na wenzake wa maabara, ambao usiku ule binti alipowapigia walikwenda wakaliokoa jokofu, na damu ya mama ikiwemo.

Lala sasa, Mama Safi, zamu yako imekwisha, na siku majibu ya mtoto yatakapotoka, yawe mazuri au mabaya, binti yako atakuja hapa kukuambia, wewe peke yako, kwa sababu hayo ni ya mtoto mpaka akue, na ameahidi hatamwambia mtu mwingine.